Mtu wa kuniandikia zabuni

Natengeneza madawati hapa Morogoro, karakana ya watu wanne. Zabuni mbili za kwanza nilijaza mwenyewe kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, usiku, bando likikata. (TANePS, mfumo wa zamani, ndiyo kwanza nilianza kuizoea, ikafungwa 2023.) Zote nikaenguliwa hatua ya awali. Ya pili iliniuma: bei yangu ilikuwa nzuri, ila fomu ya tamko la dhamana ya zabuni, ile ya kuahidi kwamba sitajitoa, niliiweka bila kusaini. Saini moja!

Safari ya tatu nikamtafuta mama mmoja, afisa ununuzi mstaafu. Nilidhani atakaa aandike maneno matamu. Wapi! Alianza kunihoji: mbao unazikausha siku ngapi? Randa ya umeme ni yako au ya kukodi? Kazi kama hii umemfanyia nani, mkataba uko wapi? Kisha akashika vigezo vya tathmini, kimoja kimoja, kila kimoja na jibu lake na ushahidi wake. Bei alikataa kuipanga. "Hiyo yako, mdogo wangu. Mimi sijui misumari unanunua wapi."

Nilimlipa laki mbili taslimu; asilimia ya mkataba hakutaka kuisikia. Mume wangu bado amenuna. Majibu hayajatoka.