Mfarishi wa Bibi: Kuutia Viraka au Kushona Mwingine

Mfarishi, yaani funiko la kitandani la matabaka yaliyoshonwa pamoja, ambao bibi yangu mzaa mama aliushona huko Lushoto, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha, umefikia hali ambayo kila anayeuona hushauri utupwe. Uso wake ni vipande vya kanga kuukuu, mgongo wake ni kitambaa cha marekani, na katikati aliweka blanketi lililochakaa badala ya sufi. Uamuzi huo wa kutumia blanketi namshukuru hadi leo, kwa sababu sufi ikilowa hujikusanya mabonge, ilhali blanketi, hata likiwa limeliwa pembeni, hubaki mahali pake lilipopitishwa uzi.

Kwa maoni yangu, swali la kukarabati au kubadilisha haliulizwi kuhusu mfarishi mzima, bali kuhusu tabaka moja moja. Nilipoutandaza mezani niliona kwamba mgongo ungali imara na kwamba uchakavu mwingi umekusanyika mahali pawili. Pa kwanza ni pindo la upande wa kichwani, ambalo ndilo linaloshikwa, linalovutwa na linalokunywa jasho na mafuta ya uso usiku kucha. Pa pili ni vipande kadhaa vilivyotawanyika usoni, vinavyochanika hata vikiguswa kwa kidole, huku vya jirani vikiwa vizima kabisa. Sababu yake si fumbo: bibi alikata kanga za umri tofauti, na iliyokuwa karibu kuisha siku ya kukatwa ndiyo iliyotangulia kufa.

Fundi cherehani niliyempelekea aliugeuza huku na huku, kisha akaniambia kwa upole, “Dada, utapoteza pesa zako bure. Nunua kitenge nikushonee mpya.” Kuhusu kuukarabati kwa cherehani alikuwa na haki, maana sindano ya mashine hutoboa pamba iliyolegea matundu yaliyopangana mstari, na mstari huo ndio unaochanika kwanza. Kuhusu kitenge kipya sikukubaliana naye. Kitambaa kipya huwa bado kina wanga na hakijarudi. Kikifuliwa mara ya kwanza hujikunyata na kuvuta kila kilichoshonwa nacho, na hata kikiwa kimetangulizwa kufuliwa, ugumu wake hulihamisha chaniko kutoka katikati ya kiraka hadi ukingoni, pale nguvu inapokutana na udhaifu. Kwa hiyo nilimwomba mama mdogo kanga zake zilizolainika kwa kufuliwa miaka mingi, akanipa huku akicheka kwamba watu huomba doti mpya, mimi naomba matambara.

Kazi yenyewe niliifanya kwa mkono, kwa uzi wa pamba, kwa kuwa uzi wa nailoni ni mgumu kuliko kitambaa unachokishika na hukikata polepole kama waya. Sikubandua kipande chochote cha bibi. Kiraka nilikikata kikubwa kuliko kipande kilichooza, nikakunja kingo zake ndani ili zifike kwenye kitambaa chenye uhai, kisha nikapiga bandi ndogo ndogo, yaani mishono ya kupenyeza sindano juu na chini, kupitia matabaka yote matatu, nikifuata mistari ya mshono wa zamani kila nilipoweza. Pindo nalo sikulifumua. Nililivika utepe mpana wa kanga uliokunjwa mara mbili, na la zamani limo humo ndani.

Wanawake wa Kisiddi katika jimbo la Karnataka nchini India, ambao wana asili ya Afrika, hushona mifarishi yao iitwayo kawandi kutokana na nguo kuukuu, wakianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, huku bandi ile ile inayoshikilia kipande ndiyo inayounganisha matabaka. Kwa ushonaji wa namna hiyo kukarabati na kutengeneza ni kazi moja, na ndiyo sababu sioni haya viraka vyangu kuonekana.

Kipande kimoja tu sikukifunika, kwa sababu jina la kanga bado linasomeka nusu yake. Hicho nilikitandia kitambaa chepesi cha shashi na kukishona pembezoni, njia inayofanana na ile ya wahifadhi wa nguo katika makumbusho. Haikirudishii nguvu, ila inazuia nyuzi zisiendelee kumwagika. Kuufua mfarishi wenyewe ni kwa beseni na maji ya baridi, bila kusugua wala kukamua. Hunyanyuliwa ukiwa juu ya shuka, kwa kuwa uzito wa maji ndio unaokata mshono, na hukaushwa kivulini ukiwa umelazwa.

Mdogo wangu anataka mwanawe ashonewe mwingine, na nimekubali, kwa sababu mtoto anahitaji kitu cha kuburuta sakafuni. Huu wa bibi utatumika miezi ya baridi tu. Blanketi la ndani likishindwa kabisa, nitauingiza mzima katikati ya uso na mgongo mpya, uwe ujazo wa mfarishi mwingine, kama yeye mwenyewe alivyolifanyia blanketi lake.