Hilux ya 1992 na safari ya Chalbi: kumbukumbu ya mradi wangu

Januari

Pikapu ni Toyota Hilux ya mwaka 1992, kebini moja, injini ya dizeli ya lita 2.8, ile inayoitwa 3L, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kabla ya kuja kwangu ilikuwa ikibeba samaki. Imepanda na kushuka miaka mingi kati ya Shimoni na mjini Mombasa, masanduku ya barafu nyuma, maji ya chumvi yakichuruzika sakafuni na kuingia kwenye chesisi. Injini nimeikuta nzima. Kazi iko kwenye chuma.

Watu huniuliza kwa nini sikutafuta gari jipya kidogo, na pale bandarini Kilindini meli za magari kutoka Japani haziishi. Gari la aina hii haliji tena na meli. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka minane, kwa hivyo Hilux zenye ekseli nzima mbele na springi za bapa pande zote ni hizi hizi zilizomo nchini, na mwenye nayo haiachii kirahisi. Mimi naipenda kwa sababu zilizo wazi: pampu ya dizeli inazungushwa na injini yenyewe bila kompyuta, betri ikifa unasukumwa na gari linawaka, na springi ikikatika Marsabit hutakosa fundi wa kukukatia jani lingine.

Safari yenyewe ni ya watu wawili, mimi na shemeji yangu. Mombasa, Voi, Nairobi, Isiolo, Marsabit. Hadi hapo ni lami tupu siku hizi. Kisha tunateremka jangwa la Chalbi, tupite Kalacha na North Horr, hadi Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana.

Kanuni ya mradi nimeiandika kwa chaki ukutani: kila kinachopanda kwenye gari kipimwe kwanza. Magari ya safari nimeyaona mengi, yana bampa za chuma, hema juu ya paa, taa safu nzima, winchi, na chini yake chesisi ya miaka thelathini inapasuka. Hilux hii ni ya daraja la tani moja, lakini tani hiyo ilihesabiwa gari likiwa jipya na likienda kwenye barabara ya heshima. Nguvu za injini ni za farasi 90 hivi, na haina taabo. Nataka kilo ziwe chache, ziwe chini, na ziwe mbele ya ekseli ya nyuma.

Februari: chesisi

Fundi wangu wa Magongo ni mzee wa makamo, amechomelea matrela ya bandarini tangu ujana wake. Nilimwonyesha chesisi niliyokwisha kuisugua kwa brashi ya waya, akanipa nyundo.

"Usiangalie rangi, mwanangu. Gonga, usikilize."

Nikaanza mbele nikirudi nyuma, kiganja kwa kiganja. Chuma kizima kinalia, sauti inakwenda mbali. Nilipofika pale springi ya nyuma inaposhikwa kwenye chesisi upande wa kulia, mlio ukafa. Nyundo ikatoa kishindo butu, na kutoka tundu la chini yakamwagika magamba ya kutu, makavu, yamepangana tabaka kwa tabaka, mengine mapana kama ukucha wa kidole gumba.

"Hapa, mzee?"

"Hapo. Na usiache, endelea hadi mwisho, hii kitu haiji peke yake."

Kweli, upande wa pili palikuwa na doa dogo zaidi. Tulikata hadi tukakuta chuma cheupe, tukaziba kwa bamba la milimita 4. Hapa nilijifunza jambo ambalo kila mwenye gari kuukuu wa Pwani anastahili kulijua. Kiraka cha chesisi hakikatwi mraba. Ukichomelea mstari wa wima unaokata chesisi toka juu hadi chini, joto la welda linadhoofisha chuma kwenye mstari huo huo, na siku ya mzigo ndipo patakapopasuka. Fundi alikata bamba lenye ncha mbili zilizochongoka, kila ncha ikilala kwa urefu wa chesisi, ili hakuna mahali ambapo mchomo wote unakutana kwenye mstari mmoja. Betri ilitolewa na waya za altaneta zikafunguliwa kabla welda haijawashwa.

Matundu ya chini ya kutolea maji yalikuwa yamezibwa na tope na magamba ya samaki. Tumeyazibua yote, tukaosha ndani ya chesisi kwa maji baridi ya mfereji, tukaiacha ikauke vizuri juani, kisha nikapuliza nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu unaopenya hadi kona za mwisho. Wengi mjini hutumia oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Inasaidia chuma, lakini inavimbisha bushi za raba na inadondoka kila unapoegesha. Nta ni ghali zaidi, na hela hizo nimezitoa kwa moyo mweupe.

Machi: joto

Injini ya 3L ni mvumilivu kwa kila kitu isipokuwa joto. Ikichemka, silinda hedi inapasuka baina ya valvu, na hapo safari imekwisha. Kwa hivyo nimeanza na rejeta kabla ya kugusa chochote cha kupendeza macho.

Fundi wa rejeta alipoifungua tangi ya juu, mirija mingi ilikuwa imezibwa na ukoko mweupe, mgumu. Ni maji ya visima vyetu. Kisiwani na kando ya bahari visima vingi vina chumvi na chokaa, na mwenye haraka hujazia chochote kilicho karibu. Nimeweka kiini kipya cha shaba chenye safu tatu, thamostati mpya, mipira yote mipya, na ndani kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Feni nayo ilikuwa inateleza injini ikipata moto, badala ya kushika. Kishikio chake kimebadilishwa.

Nimeongeza geji ya joto yenye namba. Mshale wa kiwandani hukaa katikati muda mrefu na huanza kupanda mambo yakiwa yameshaharibika. Tulipopanda mlima wa Mazeras mchana wa jua kali, nyuma kukiwa na magunia ya mchanga, ilisimama kwenye nyuzi 92 na haikusogea.

Mkanda wa taimingi nimebadilisha pamoja na beringi yake ya kukazia. Kipimo chake ni kilomita 100,000, na kwa kuwa historia ya gari la samaki haina kitabu, nimeanza kuhesabu upya.

Aprili: mvua, na kazi za ndani

Mvua za masika zimetufungia kwenye kibanda, na ndipo sanduku la nyuma lilipotengenezwa. Watu walinishauri bati la chuma. Nikapiga hesabu: bati la milimita 2 lina kilo karibu 16 kwa mita ya mraba. Plaiwudi ya baharini ya milimita 12, ile inayotumiwa na mafundi wa boti, ina nusu ya hapo. Sanduku zima, droo mbili na sehemu ya kulala juu yake, limetengenezwa kwa plaiwudi na kupakwa vanishi ya boti. Tutalala humo humo, chini ya turubai. Hema la paa limekataliwa, maana kilo 50 au 60 juu ya kichwa cha gari jembamba ni hatari kwenye mteremko wa mawe.

Tangi la maji ni la lita 60, limesimama nyuma ya kebini, limebanwa kwa mikanda ya chuma. Maji hayana mjadala: lita moja ni kilo moja, na mahesabu yangu ni lita 10 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kutawadha. Dizeli ni nyepesi kidogo, jerikani ya lita 20 ina kilo 17 hivi, na tutabeba tatu.

Friji nimeiacha. Niliitamani, siwezi kusema sikuitamani. Lakini friji inataka betri ya pili, betri inataka waya nene na relei na paneli ya jua, na vyote pamoja vinafika kilo 50 kwa urahisi. Kilo 50 ni lita 50 za maji. Na sisi watu wa Pwani tulikuwa tukisafiri kabla ya friji: ng'onda, papa mkavu, mchele, pojo, tende, nazi chache za siku za mwanzo, tangawizi na kahawa. Mama mkwe ameahidi kutukaushia ng'onda mwenyewe na hilo peke yake limenifanya nione safari imekaribia.

Turubai la kivuli limeshonwa na fundi wa Majengo anayeshona maturubai ya malori. Amekunja pindo mara mbili, akatumia uzi wa nailoni kwa sababu wa pamba huoza kwa unyevu wetu, na macho ya kamba ni ya shaba. Kazi safi mno.

Mipira ya kupumulia ya difu, yaani masanduku ya gia za ekseli, nimeirefusha hadi juu ya bodi. Difu iliyopata moto ikiingia majini hupoa ghafla na kunyonya maji kwa ndani. Mpira mrefu unavuta hewa badala yake.

Mei: springi, tairi, na jaribio

Fundi wa springi alitaka kuongeza majani matatu kila upande nyuma. Nimekubali moja tu. Springi ngumu kupita kiasi haipindi, na isipopinda, pigo lote la shimo linakwenda kwenye chesisi, pale pale tulipoziba. Shokamzoba ni mpya zote nne, maana kwenye barabara ya mawimbi ndizo zinazoungua kwanza.

Tairi ni za 7.50R16 zenye tyubu, kwenye rimu za chuma. Kila mji wenye pampu ya baiskeli na gundi utaziba tyubu. Zina kimo kuliko zile za 205R16 zilizokuwepo, kwa hivyo mita ya gari sasa inapunja: kilomita 100 za kweli inasoma kama 92. Nimelipima hilo kwa simu kwenye barabara ya Malindi na kuliandika kwenye dashibodi, kwa sababu hesabu ya dizeli ya jangwani haitaki kubahatisha. Upepo ni pauni 40 kwenye lami, 28 kwenye changarawe, 18 kwenye mchanga, na ukishuka 18 usipite kilomita 40 kwa saa. Tairi laini ikikimbizwa hupata moto na kupasuka ubavuni.

Jaribio tulilifanya tukiwa na mzigo kamili: Malindi, lango la Sala, tukafuata Mto Galana ndani ya Tsavo Mashariki hadi Voi, uwanda wa Yatta umenyooka kuliani mwetu. Kila tulipopumzika nilizunguka nikigusa habu, difu na shokamzoba kwa kiganja. Shokamzoba za nyuma zilikuwa za moto lakini za kuvumilika. Nati mbili za kishikio cha jerikani zililegea, sasa zina nati za kujifunga. Vumbi lilikuwa likiingia kupitia mlango wa nyuma, na raba ya mlango wa friji iliyochakaa, kutoka kwa muuza vyuma chakavu, imekaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kiraka cha chesisi nilikipaka chokaa kabla ya kuondoka ili ufa wowote uonekane. Hakuna hata unywele, alhamdulillahi.

Tuliporudi tukapita kwenye mizani ya malori Changamwe: kilo 2,190, na sisi wawili ndani.

Juni

Limebaki la breki. Raba za silinda za magurudumu ya nyuma zinavuja kidogo, nasubiri mpya. Mfuko wa spea umeshajaa: mkanda wa feni, filta za dizeli, mipira ya rejeta, tyubu, U-bolti, na bolti za katikati za springi, ambazo ni ndogo, za bei rahisi, na zikikatika ekseli inahama mahali pake. Kuna pia kitambaa kizito cha kuchujia dizeli ya mapipa.

Chalbi ni kitako cha ziwa la kale. Likinyeshewa, ganda la juu linageuka tope lisilo na chini. Shemeji anazungumza kwa simu na dereva wa lori la mifugo aliye Marsabit, atuambie kama njia ya Kalacha imekauka. Akisema imekauka na breki zikiwa tayari, tunatoka Mombasa alfajiri, tupande Mazeras kabla ya malori, usiku wa kwanza tulale Voi. Kabla ya hapo gari litarudi mizani, na droo ya kushoto nitaifungua tena, naamini mna kilo kumi za kupunguza.