Nilivyombakisha namba moja wetu mzee

Walionishauri ndio walionichosha, kuliko magoti ya mchezaji mwenyewe, namba moja wa timu yangu ya kikapu ya ligi ya mkoa, yaani yule anayevusha mpira na kupanga mashambulizi. Msimu ulipokaribia, kila mwenye bando alikuwa na neno: mtemeni yule, timu inazeeka naye. Mwenyekiti wetu, ambaye kwa heshima zote bado anauliza kwa nini kikapu kingine ni pointi mbili na kingine tatu, alinipigia usiku kunihimiza nilete damu changa. Muuza chipsi wa jirani na kiwanja naye akanipa ushauri huohuo huku ananipindulia mayai.

Mwenyewe jina lake nalihifadhi. Kiwanjani anaitwa Kaka Mkubwa, inatosha. Nimecheza naye zamani, au tuseme alicheza yeye mimi nikiwa benchi namshikia taulo, kwa hiyo pasi zake nimezitazama kwa karibu kuliko mtu yeyote Dar es Salaam. Sasa anaikaribia arobaini. Ana mke na watoto, anafungua duka Kariakoo asubuhi na mapema, jioni anakuja mazoezini, usiku anagombania daladala ya Mbagala. Mimi ndiye kocha, lakini kwa umri ni mdogo wake, na huniita "mdogo wangu" mbele ya timu nzima. Jaribu wewe kumwambia mtu wa hivyo akae benchi.

Mabishano yenyewe yalikuwa ya NBA, maana vijana wetu wanaijua hiyo ligi ya kikapu ya Marekani kuliko ratiba ya mkoa. Upande wa "aachwe" silaha yao ilikuwa Steve Nash, namba moja kama wetu. Mwaka 2012 Phoenix walimwachia aende Lakers akiwa na miaka 38. Msimu wa kwanza akacheza mechi 50, wa pili 15, wa tatu hakugusa uwanja. Sawa, nimesikia. Ila haohao hawakumbuki kwamba mwaka 2004 Dallas walimwachia Nash huyohuyo arudi Phoenix akiwa na miaka 30, wakihofia kumpa pesa nyingi na mkataba mrefu mtu wa umri ule. Akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2005, akarudia 2006. Upande wa "abaki" nao wakaja na John Stockton, namba moja mwingine, aliyekaa Utah misimu 19 na katika msimu wake wa mwisho, aliotimiza miaka 41, akacheza mechi zote 82. Ukisikiliza pande zote mbili unarudi nyumbani huna kitu, kwa sababu kila mtu anataja umri na hakuna anayeuliza mzee alikuwa anafanya nini akiwa uwanjani.

Mimi nilikwenda kwa Jason Kidd, naye namba moja. New Jersey walimpeleka Dallas Februari 2008, na mwaka 2011 akachukua ubingwa akiwa na miaka 38. Wengi wanaishia hapo. Tazama fainali yenyewe dhidi ya Miami. Dallas wako nyuma mechi mbili kwa moja, na kocha Rick Carlisle, kuanzia mechi ya nne, anamwingiza kwenye kikosi cha kwanza J.J. Barea, yule mfupi anayepita katikati ya watu. Aliyempisha Barea ni DeShawn Stevenson. Kidd yuko palepale, wanaanza wote wawili. Mwenye mbio anavunja ukuta, mzee anasimama nje, anatupa pointi tatu, anapanga watu. Wakashinda mechi tatu mfululizo. Hiyo nimeiiba nzima nzima na sioni aibu.

Kuna jambo jingine ambalo washauri wangu hawakulifikiria. Kule ukimtoa mchezaji mara nyingi unapewa kitu. Phoenix walipomwachia Nash walipewa nafasi za kuchagua chipukizi. Sisi wa ligi ya mkoa ukimwacha mtu hupewi hata mpira uliopasuka, tena wiki inayofuata unamkuta na jezi ya jirani anakufunga. Na huyo namba moja mwingine ungemtoa wapi? Tangu yule mrefu wetu Hasheem Thabeet atoke Makongo akaenda kuchaguliwa wa pili NBA, na Memphis, mwaka 2009, kila mzazi mwenye mtoto mrefu anamleta kiwanjani. Mfupi mwenye akili ya mpira hakuna anayemleta, anaishia kwenye soka la ndondo. Mwaka huohuo, mjue, Stephen Curry alichukuliwa wa saba. Urefu unaonekana kutoka barabarani, akili ya pasi haionekani.

Kamati haikunielewa. Wakaamua kumtema, ila kwa adabu, na hapa naomba nisimulie taratibu kwa sababu sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Hakuna aliyetaka kulitamka neno lenyewe. Wakaona wamfanyie hafla ya kumuaga na yeye ataelewa, ni mtu mzima. Pilau likapikwa, soda zikaletwa kreti kadhaa, keki ikaandikwa "Asante Kaka Mkubwa". Wakachanga raba mpya za kikapu, laki na ushee hivi, nusu akaahidi mwenyekiti na nusu hiyo tunaisubiri mpaka leo. Nikawaambia mapema: huyu hatang'amua. Wakanijibu kocha kazi yako uwanjani.

Jumamosi ikachezwa mechi ya kirafiki, kisha hotuba. Mwenyekiti akamwita nguzo, akamwita hazina, akamwita mwalimu wa vizazi, akasema mchango wake hautasahaulika. Ukiisikiliza vizuri ile hotuba, hakuna mahali palipokuwa na neno "kwaheri". Akamkabidhi raba. Kaka Mkubwa akasimama na boksi kifuani, macho yamemlowa kabisa, akasema hajawahi kufanyiwa kitu kama hiki maishani mwake, na kwa heshima hii anaapa msimu huu atajituma mara mbili. Watu wakapiga makofi, wangefanya nini? Mwenyekiti akanitazama. Mimi nikawa natafuta nyama kwenye pilau.

Jumanne alikuwa wa kwanza kufika mazoezini, na raba amevaa. "Mdogo wangu," akaniambia, "hizi zinashika sakafu balaa."

Kamati ikanyamaza. Ikabaki kazi yangu.

Shida yake haikuwa pasi, pasi hazizeeki. Shida ilikuwa kuvusha mpira. Sheria inakupa sekunde 8 kuvuka mstari wa kati, na shambulizi zima lina sekunde 24. Kiwanja chetu cha mazoezi hakina saa ya sekunde 24, ndiyo maana watu walikuwa wanaona tu "timu ni nzito" bila kujua uzito unatoka wapi. Mpinzani akimbana Kaka Mkubwa kuanzia nyuma, anageuka, anampa mgongo, anadunda, anageuka tena, na anapofika mbele ulinzi umeshajipanga na yeye pumzi hana. Lakini ukimwambia mtu "umekuwa mzito" anasikia "umekuwa mzee", na hapo umempoteza.

Kwa hiyo sikumwambia. Nilimwita pembeni, nikampa simu yangu, nikamwambia: "Kaka, nisaidie. Huyu dogo nahisi anachelewa kuvusha mpira. Nishikie saa, anza anapoupokea chini ya kikapu chetu, kata anapovuka kati." Akafurahi. Anapenda sana kumkosoa dogo. Dogo mwenyewe ni mwanafunzi, mwepesi, ila alikuwa akivuka hajui afanye nini, anatazama juu utadhani ameulizwa swali la hesabu. Kaka Mkubwa akawa anapaza sauti: nne! tatu! nne! Na matusi madogo madogo ya kumtia moyo.

Baadaye nikasema dogo apumzike kidogo, ashike saa yeye, Kaka Mkubwa avushe. Huyu mtoto kalelewa vizuri na heshima imemzidi. Akawa anahesabu kwa sauti ya chini, tena kwa kuomba radhi: "Sita, kaka. Saba, kaka." Zamu iliyofuata: "Saba, kaka. Nane. Samahani, kaka." Timu nzima imenyamaza. Mimi nimeinama nafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tangu nyumbani.

Kaka Mkubwa akaenda kunywa maji. Akakaa huko. Ni mtu wa duka, hesabu anazijua: ukila 7 kwenye 24 zinabaki 17, na dogo akila 4 zinabaki 20. Aliporudi akaniambia, "Mdogo wangu, huyu dogo avushe. Mpira nipewe huku mbele."

Nikajifanya nafikiri. "Una uhakika, kaka?"

"Kwani kocha nani hapa, mimi au wewe?"

"Wewe, kaka."

Na hiyo ndiyo iliyokuwa mipango yote ya msimu. Dogo anavusha kama namba moja, anampa Kaka Mkubwa, sasa namba mbili, upande wa kulia, mrefu wetu anakuja kumwekea skrini, yaani anasimama kumzibia njia anayemkaba, na hapo mzee yuko nyumbani kwake. Akibanwa na wawili anamwona mrefu anayekatiza kwenda kikapuni, wakirudi nyuma anatupa mwenyewe. Hakimbii, na hana haja ya kukimbia. Dogo naye anajifunza kwa kutazama, siku hizi akivuka hatazami tena juu.

Ulinzi ni habari nyingine. Namficha kwa mchezaji wao asiyependa kukimbia, kila timu inaye mmoja. Tukiona wamegundua tunakaa zoni, kila mtu analinda eneo badala ya mtu. Dakika zake nazibana: namwanzisha, maana ukimnyima kuanza unampa maneno ya kwenda nayo nyumbani, halafu namtoa kabla hajachoka, siyo baada. Makocha wengi wanamtoa mtu akishashika kiuno, wakati huo umeshafungwa pointi sita. Robo ya pili anapumzika karibu yote. Dakika tano za mwisho za robo ya nne yuko ndani hata mvua ya mawe inyeshe. Magoti tunayawekea barafu, zile za mifuko za kununua kwa mama mwenye friza, mia mia, unazungushia kitambaa usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi, robo saa au zaidi kidogo. Vijana walicheka mwanzoni. Mrefu wetu sasa anaomba na yeye.

Mtaniuliza kama ilizaa matunda. Mechi moja ya jioni pale Don Bosco Upanga tulikuwa nyuma pointi moja, imebaki chini ya dakika, na wale jamaa wamebana uwanja mzima wakijua watamkaba mzee. Mpira akapewa dogo. Akapita wawili, kavuka, kampa Kaka Mkubwa. Kaka akanyanyua mikono kama anatupa, watu watatu wakaruka naye, wallahi watatu, na yeye miguu bado iko chini. Akauviringisha mpira chini ya kwapa ya mmoja wao ukamkuta mrefu peke yake. Mrefu akaweka na faulo juu. Mwenyekiti akaruka kwenye jukwaa akipiga kelele "damu changa!" Sikumjibu.

Hatukuwa mabingwa, tusidanganyane. Tulimaliza juu kuliko walivyotutabiria wote, muuza chipsi akiwemo, na sasa haohao wanasema walijua tangu mwanzo kwamba uzoefu haununuliwi. Kama una mzee wako kwenye timu na bado anapiga pasi, usianze na umri wake wala usianze na keki. Shika saa kwanza, ujue anakula sekunde zako wapi. Na kama hata akipewa mpira mbele hana la kufanya nao, hapo mwite mkae wawili umwambie kwa mdomo wako, kwa sababu hotuba nzuri hazifukuzi mtu.

Fomu za usajili wa msimu mpya zimeshatoka. Ya kwake ameijaza mwenyewe pale dukani, juu ya gunia la mchele, kwa mwandiko wake wa risiti. Kwenye nafasi anayocheza ameandika "namba mbili". Mwaka wa kuzaliwa ameuacha wazi, nimeujaza mimi.