Siku moja maishani mwangu: fundi wa mbio za baiskeli za milimani

Ukisema wewe ni fundi baiskeli, watu huwaza kiraka, solusheni na karai la maji chini ya mwembe. Misingi ni ileile na kazi ile naiheshimu. Ila mimi niko kwenye timu ya mbio za msituni za Kombe la Dunia: mzunguko wa kilomita nne hivi wenye mizizi, mawe na miinuko ya kukata pumzi, unaorudiwa kwa takriban saa moja na nusu. Wanaoonekana kwenye televisheni ni wapanda baiskeli. Hii hapa ni siku ya mashindano upande wa spana, pale Nové Město na Moravě, Jamhuri ya Cheki, kwenye msitu wa misonobari ambao mizizi yake haina huruma.

Saa 12 asubuhi. Baiskeli inapanda stendi. Cheni inapimwa kwa geji. Ikiwa imevutika asilimia 0.5 inatoka, hata kama haina kelele. Bolti zote zinapitiwa kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza: za usukani nyutonimita 5, ekseli 12. Nguvu ya mkono haitoshi kukadiria, maana fremu na usukani ni vya kaboni: ukikaza mno vinapasuka, ukilegeza vinateleza katikati ya mteremko.

Saa 2. Wapanda baiskeli wanazunguka njia kuijaribu, wanarudi, wanasema giya ipi inasita. Inarekebishwa.

Saa 4. Magurudumu ya akiba. Hapa ndipo timu nyingi changa huumia. Kila habu, yaani kitovu cha gurudumu, inatofautiana na nyingine kidogo, kwa hiyo ukifunga gurudumu la akiba diski ya breki inaweza kusugua kwenye kalipa inayoibana, na giya za nyuma zikagonga. Tiba ni kufunga kila gurudumu kwenye baiskeli ya mbio yenyewe, kulizungusha, kisha kuweka washa, yaani vipete vyembamba vya milimita 0.1 au 0.2, nyuma ya diski mpaka ikae palepale ilipokuwa ya kwanza. Kazi hii hakuna anayeiona, lakini bila hiyo gurudumu la akiba ni pambo.

Kisha upepo wa tairi. Kwa mtu wa kilo 65, njia ikiwa kavu, huwa tunaanzia bar 1.3 mbele na 1.4 nyuma. Tairi lenye upepo mdogo linaukumbatia mzizi badala ya kuurukia. Ukipunguza kupita kiasi, tairi linabanwa kati ya jiwe na rimu, linachanika. Geji ni moja siku nzima, kwa sababu geji mbili hazisomi sawa. Na unapima kivulini: gurudumu lililoachwa juani hupanda upepo, na namba uliyoandika asubuhi inakuwa uongo.

Saa 6 mchana, mvua. Wanawake wametangulia, wanaume wanaondoka kama saa 9. Sasa tairi la kavu halifai tena, na mpanda baiskeli hataki kuamua. Anataka kusubiri wingu. Namwelewa: tairi lenye meno marefu linashika matope, lakini linamlipisha kwenye kila mwinuko. Ila saa haimsubiri yeye wala mimi.

Kubadilisha tairi lisilo na tyubu si kazi ya dakika mbili. Unalitoa, unaifuta dawa ya zamani ya kuzibia pancha iliyoganda, unakagua mkanda wa rimu kwa kidole mzunguko mzima. Unarudisha sponji ngumu inayolinda rimu, unavalisha tairi, unamimina mililita 70 za dawa mpya kupitia valvu, halafu unalipuliza kwa kompresa mpaka ukingo wake upige mlio na kukaa kwenye rimu. Ukingo ukikaa upande mmoja tu, upepo unavuja taratibu, na utajua mzunguko wa tatu. Kwa hiyo unalizungusha na kulilaza kila upande ili dawa ifike kote, unapima, unasubiri robo saa, unapima tena. Mara mbili, kwa magurudumu mawili, na mengine mawili ya akiba. Kisha anakuja kusema wingu linapasuka, je, la nyuma lirudi lile la kavu? Unajibu kwa utulivu, kwa sababu wasiwasi wa fundi humwingia mpanda baiskeli. Mara nyingi jibu ni hapana: mizizi haikauki kwa nusu saa.

Halafu eneo la huduma. Msaada wa fundi unaruhusiwa hapo tu. Akipata pancha msituni, anaziba mwenyewe kwa kamba ya kuzibia na kichupa cha gesi, au anasukuma hadi kwetu. Baiskeli hairuhusiwi kubadilishwa, vipande ndiyo. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 Tom Pidcock alipata pancha, akabadilishiwa gurudumu, akapoteza zaidi ya nusu dakika, na bado akachukua dhahabu. Hesabu ya namna hiyo inawezekana tu kama gurudumu linaingia mara moja bila kusugua.

Kumpa mpanda baiskeli chupa ya maji nako kuna ufundi wake. Shika juu, kwa ncha za vidole, mkono umenyooka, tembea naye hatua mbili. Ukiibana, anaidondosha.

Baadaye ni kuosha tu, na mwili umeshachoka. Maji ya nguvu hayaelekezwi kwenye beringi wala kwenye sili za shokapu, yataingiza mchanga. Brashi ya cheni haigusi diski, mafuta kidogo yanaua breki. Matope ya hapa hula pedi za breki kwa mbio moja. Zikibaki milimita 0.5 zinatupwa. Kila kitu kinaandikwa daftarini: tairi gani, upepo gani, mvua ilianza lini, mpanda baiskeli alisema nini kabla hajaoga. Akishaoga ameshasahau nusu.

Gari linapakiwa kinyumenyume: hema, kompresa na pampu ya maji vinaingia mwisho, kwa kuwa ndivyo vitakavyotoka kwanza.