Semolina Ikinyamaza

Mwaka wangu wa kwanza Cairo niliharibu basbusa tatu, kile kitamu cha semolina kinachookwa kwenye sinia na kumwagiwa shira. Sinia ya tatu ndiyo iliyonishusha ngazi hadi kwa jirani wa chini, nimeibeba kwa kitambaa cha jikoni, machozi yananilengalenga, na Kiarabu changu chote siku zile kilikuwa salamu, namba na majina ya mboga.

Tunakaa Madinat Nasr, upande wa Hayy as-Sabi', ambako wanafunzi wengi wa Al-Azhar waliotoka nje ya Misri hupanga. Mume wangu ni mmoja wao. Asubuhi anatoka na vitabu vyake, mimi nabaki na mtoto na jiko la gesi ambalo mwanzoni hata kuliwasha nililiogopa. Jirani wa chini ni mama mtu mzima, mjane. Jengo zima linamwita Hagga, yaani Hajjati kwa matamshi ya Kimisri, na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Hagga alichukua kijiko, akakata ukingoni, akakigeuza kipande na kukitazama upande wa chini kabla ya kukionja.

"Umeipiga kwa kitu gani, binti yangu?"

"Kwa mchapo."

"Na mayai?"

"Mawili."

"Basi umepika keki. Mungu aijalie baraka keki yako. Njoo kesho nikuoneshe basbusa."

Wakati ule maelekezo yangu yote niliyapata kwenye simu, nami nilikuwa nikiyachanganya na mazoea yangu ya keki: piga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe, tia mayai, piga tena. Sinia ya kwanza ilitoka ngumu kama raba ya viatu. Ya pili niliitengeneza kwa semolina laini kama unga wa ngano, na shira ilipoingia ikawa uji mzito. Ya tatu niliimwagia shira inayochemka ikiwa imetoka tu kwenye oveni, ikapasuka na kumeguka.

Kesho yake Hagga alimimina semolina ndani ya beseni pana, akayeyusha samli, akaimwaga juu, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliingiza mikono yote miwili, akachota, akaanza kusugua viganja taratibu, chembe zikidondoka katikati, anachota tena, anasugua tena. Hakukanda wala hakukoroga. Alifanya vile kwa muda mrefu kiasi kwamba mwanangu alilala na kuamka mapajani mwangu.

Usiku nilimsimulia mume wangu, naye akaniambia kwamba kazi ile ndiyo jina lenyewe la chakula. Kitenzi cha Kiarabu ni *bassa*, na katika kamusi za zamani maana yake mojawapo ni kuchanganya unga au nafaka iliyosagwa na samli au mafuta. Kutoka hapo wakapata *basisa*, chakula ambacho mpaka leo kinaliwa Tunisia na Libya. Akanifungulia Surat al-Waqi'a, aya ya 5, *wa bussatil jibalu bassa*, milima itakaposagwasagwa, akanieleza kuwa wapo wafasiri walioifafanua kwa mfano wa unga unaochanganywa na samli. Nilikaa kimya. Sura hii naisoma tangu nikiwa mtoto wa chuoni. Sikuwahi kudhani kwamba neno lililomo ndani yake litanifundisha kupika.

Kwa nini kusugua? Semolina ni ngano ngumu iliyosagwa chenga. Chembe zikikutana na maji au mtindi zikiwa uchi, hunywa kila moja kwa pupa, hushikana, na ukizikoroga zaidi utando wa ngano hukaza. Zikivishwa samli kwanza, kila chembe moja moja, maji huingia polepole na kila chembe hubaki peke yake. Baadaye shira hupata pa kupita. Basbusa nzuri ukiiuma unazihisi chembe ulimini, na hapo hapo zinayeyuka. Vitu hivyo viwili kwa pamoja ndivyo ninavyovitafuta, na sijavipata kwa njia nyingine.

Sasa nakupa vipimo tunavyotumia, kwa sinia ya mviringo ya sentimita 30. Semolina ya chenga gramu 500. Samli gramu 200, na Hagga hakubali isipokuwa *samna baladi*, samli ya maziwa ya nyati wa kufugwa, nyeupe na yenye harufu nzito. Kwa kweli nimejaribu siagi ya kawaida na inakubali, ila siku hiyo harufu haifiki ngazini. Sukari gramu 200, beking poda kijiko kimoja cha chai, asali kijiko kimoja cha kulia, mtindi gramu 250. Sukari na beking poda zinachanganywa na semolina kabla ya samli. Mtindi na asali huja mwisho kabisa, na hapo unatumia ncha za vidole, unageuza mara chache mpaka hakuna sehemu kavu, unaacha. Ukijisikia kuongeza mgeuzo mmoja wa usalama, usiuongeze.

Sinia hupakwa samli. Jirani yetu Msyria wa ghorofa ya pili huipaka tahina, yaani ufuta uliosagwa, anasema haigandi na chini inatoka rangi ya kahawia yenye ladha ya ufuta, na nimeona ni kweli. Unatandaza kwa kiganja kilicholowa maji, bila kukandamiza, unaiacha ipumzike nusu saa, kisha unachora vipande kwa kisu kilichochovywa kwenye samli, mistari ya kwenda moja kwa moja halafu ya mshazari, vitoke mfano wa almasi. Katikati ya kila kipande unabandika lozi iliyomenywa au bunduq.

Bunduq! Mara ya kwanza Hagga aliponituma dukani kununua robo kilo ya bunduq nilimwomba arudie mara tatu. Kumbe ni kokwa ndogo za mviringo, za kahawia, tamu kuliko lozi. Mume wangu akanieleza tena: Waarabu waliziita hivyo pia gololi za kurushwa kwa upinde, kwa sababu ya umbo lake, na silaha ilipokuja ikachukua jina la gololi. Hivyo bunduki yetu ni mjukuu wa kokwa inayokaa juu ya basbusa. Tangu siku hiyo nikizibandika naziona kwa macho mengine.

Oveni nyuzi 190, kwa dakika 35 hivi. Majiko mengi ya gesi ya hapa yana moto wa chini na moto wa juu, na haviwaki pamoja. Unaanza na wa chini mpaka kingo zianze kuachana na sinia, kisha unawasha wa juu kwa dakika chache na hutoki hapo mlangoni, maana kutoka rangi ya asali hadi kuungua ni muda wa kumfunga mtoto nepi.

Shira yake si ile tuliyoizoea ya kaimati, inayovutika kama uzi. Hii ni nyepesi. Sukari gramu 500, maji mililita 350, na ndimu nusu inayotiwa pale tu sukari inapoyeyuka. Ikishachemka unaiacha dakika nane hadi kumi, bila kukoroga, unazima, unatia vanila. Ndimu haiwekwi kwa ladha tu. Asidi yake huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo huizuia shira isirudi kuwa chenga kesho yake. Niliwahi kuisahau, na siku ya pili basbusa ilikuwa na ukoko wa sukari unaolia chini ya meno. Wamisri shira hii huiita *sharbat*. Yule jirani Msyria huiita *qatr* na hutia maji ya maua ya mchungwa. Mimi napenda yake zaidi, na Hagga anajua, ananivumilia.

Basbusa ikiwa moto, shira iwe imepoa. Unaichukua sinia kutoka ovenini, unapitisha kisu tena kwenye mistari ile ile mpaka chini, kisha unamwaga kwa upawa, kuanzia pembezoni kuingia ndani. Inaitika, *tshhh*, halafu unaona shira imesimama juu kama dimbwi na moyo unashtuka kwamba umezidisha. Subiri. Baada ya dakika kumi dimbwi limeingia lote. Baada ya saa mbili ndiyo inaliwa. Anayeila kabla ya hapo anakula sukari juu na semolina kavu chini.

Kila nchi ina jina lake kwa sinia hii au ndugu yake. Lebanon wanasema *nammura*. Palestina, Jordan na Syria ni *harisa*, na hata Alexandria, mwendo wa saa tatu tu kutoka hapa, utaisikia harisa. Ukiagiza harisa Tunisia utaletewa pilipili ya kusaga. Waturuki wana *revani*, na hiyo inatiwa mayai, basi keki yangu ya tatu labda ilikuwa inaelekea huko.

Jambo moja la jengo letu nalipenda sana. Mama wa ghorofa ya nne ni Mkristo wa Kikopti, na Wakopti hufunga zaidi ya siku 200 kwa mwaka, bila nyama, maziwa wala samli. Chakula cha siku hizo huitwa *siyami*. Siku zao za kufunga Hagga humtengenezea basbusa ya siyami, kwa mafuta ya kupikia na maji ya machungwa badala ya mtindi. Inakuwa nyepesi, ya manjano zaidi, na machungwa yanasikika mpaka puani. Na jua likizama Ramadhani, mara nyingi sinia ya kwanza kugonga mlango wa Hagga inashuka kutoka ghorofa ya nne.

Siku hizi Hagga hasugui tena. Vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, asubuhi hata kikombe cha chai hukishika kwa viganja viwili. Ninashuka mimi, nakaa chini na beseni, yeye anakaa kwenye stuli karibu na dirisha. Hanitazami. Anasikiliza.

Semolina kavu ina sauti. Ukiisugua inakwaruza, kama mchanga chini ya ndara. Samli ikianza kuingia mkwaruzo unapungua, unakuwa mnong'ono, lakini bado upo. Rangi inageuka kutoka manjano mpauko kuwa ya mchanga uliolowa, chembe zinaanza kung'aa, ukifumba konzi inashika umbo na ukiigusa kwa kidole inasambaratika. Macho yanakuambia tayari. Hagga, uso wake dirishani, anasema *lissa*, bado. Nasugua tena. *Lissa*. Nimeshasikia neno hilo mara nyingi kuliko neno lingine lolote la Kiarabu, na zamani lilikuwa linanichosha.

Jana tulikuwa tunatengeneza mbili, moja yetu na moja ya ghorofa ya nne. Mwanangu alikuwa anapanga vifuniko vya sufuria sakafuni. Nilisugua mpaka mabega yakaniuma, nikaendelea, na kuna mahali fulani nikagundua kwamba nasikia vifuniko, nasikia muuza gesi barabarani akigonga mtungi, na katikati ya viganja vyangu sisikii kitu. Nikasimamisha mikono.

"Imenyamaza," nikasema.

Hagga hakujibu. Alinyoosha mkono mezani, akalivuta bakuli la mtindi kwa viganja viwili, akanisogezea.