Hapana, sifunzi tuishen

Likizo ya Aprili ikikaribia simu yangu haipumziki. Wazazi wa Migosi, wa Kondele hapa Kisumu, wengine ata huko Ahero, na swali ni lile lile, mwalimu unafunza tuishen? Nikisema sifunzi wanashangaa ju wamesikia veranda yangu imejaa watoto kuanzia asubuhi mpaka saa sita. Hao ni watoto walibaki nyuma, nawafunza kusoma.

Tuishen ya hapa kwetu ni kurudia kile mtoto alifunzwa darasani, mara nyingi na mwalimu yule yule, tofauti ni mzazi analipa mara ya pili. Sasa mtoto yuko gredi 6, aya ya gredi 2 inamshinda, ukimrudishia sayansi ya gredi 6 umemsaidia na nini? Anakopi ubaoni vizuri, hati safi, daftari limejaa tiki, lakini mwambie akusomee kile ameandika. Na ni wajanja wueh! Kuna kijana alikuwa ameshika hadithi nzima kichwani, akafungua kitabu akasoma bila kukosea, mpaka nikaweka kidole kwa neno moja katikati ya mstari nikamuuliza hili ni gani. Akaanza kuangalia picha.

Kwa hivyo siku ya kwanza ripoti fomu naweka kando. Hizo BE (chini ya matarajio) na AE (anakaribia matarajio) zinaniambia amebaki nyuma, haziniambii alibakia wapi. Nakaa na mmoja mmoja, herufi, maneno, aya, halafu hadithi, na pale anakwama ndio tunaanzia, haijalishi yuko gredi gani. Ndio maana unaweza kupata wa miaka 12 amekaa na katoto ka gredi 3. Wakubwa huona aibu mwanzo, so mimi huwapa kazi ya kugawa kadi za herufi, hapo wanajiona ni wasaidizi wa mwalimu na wanasoma bila kujua wanasoma. Mwenye Kiingereza kimemkataa tunaanza na Kiswahili ama Dholuo, sauti za herufi akizishika huku zinamfuata huko.

Hii si akili yangu, shirika la Pratham la India limefanya hivi miaka mingi na njia yenyewe imefika mpaka Afrika. Na ushahidi mwingine ni wa hapa hapa magharibi mwa Kenya. Miaka ya tisini shule za Busia na Teso zilipewa vitabu vya kiada, watu wakangoja alama zipande, wapi. Waliofaidika ni wale tayari walikuwa wanaongoza, ju vitabu vilikuwa vya Kiingereza na kwa wengi hiyo ni lugha ya tatu. Baadaye watafiti wa uchumi, Kremer, Duflo na Dupas, wakafuatilia shule 121 zilizoongezewa mwalimu darasa la kwanza likagawanywa mara mbili, shule zingine kwa uwezo wa watoto, zingine kwa bahati nasibu tu. Kule waligawanya kwa uwezo, wakali walipanda na wale wa chini pia wakapanda. Kremer na Duflo ndio hao walishinda Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Banerjee.

Lakini mwalimu mkuu asikimbilie hapo aanzishe strimu ya "wale wazito" awape mwalimu ambaye hakuna mtu anamtaka. Kwa ule utafiti walimu waligawiwa kwa kura, hakuna darasa lilitengewa makombo. Hiyo sehemu watu huiruka na mimi naona ndio yenyewe.

Kuna wale mimi peke yangu siwatoshi. Macho na masikio yapimwe kwanza, nimeona mtoto akiitwa mzembe kumbe ubao hauoni. Na kama amefunzwa vizuri, polepole, na bado herufi zinamchezea, inaweza kuwa disleksia, ule ugumu wa kusoma ambao si uzembe, hapo mpeleke EARC, vile vituo vya serikali vya kupima watoto, viko tangu 1984 na wazazi wengi hawajawahi kuvisikia.

Kurudishwa gredi msiniulize. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza, na ata kama ingeruhusu, atarudia silabasi ile ile ilimshinda, kwa darasa lile lile limejaa. Mama mmoja ameniuliza kama kijana wake atakuwa amewafikia wenzake kabla ya KPSEA, ule mtihani wa gredi 6. Nilimwambia sijui, na KPSEA haimzuii kuingia junia, yaani gredi 7, kitakachomsumbua ni akifika huko masomo yameongezeka na bado hasomi.

Walio tayari likizo hii walete daftari za zamani, za gredi 2 na 3 kama panya hawajazimaliza, nataka kuona alianza kupotelea wapi. Kitabu kipya msinunue.