Plamsi za Lushoto, jua la Mombo

Shamba aliloniachia marehemu baba hapa Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara, lina miti saba ya plamsi, na kwa miaka mingi miti ile ilikuwa kero kuliko mali. Plamsi haina subira. Mti unakaa kimya mwaka mzima, halafu ndani ya wiki mbili, kati ya Desemba na Januari, matawi yote yanaiva kwa mpigo na chini panakuwa pekundu. Jirani yako naye zimeiva. Bonde zima zimeiva. Mnunuzi anayekuja na gari analijua hilo vizuri, kwa hiyo anataja bei yake akiwa bado ameshika usukani, hata hashuki. Ukipita Soni njiani, au basi likisimama Mombo, chini ya milima, miezi hiyo, utawaona vijana wanakimbilia madirishani na vindoo vya plamsi na mapeasi. Bei unayoisikia pale dirishani, mwenye mti huku juu haijui.

Msimu wa juzi nilimwaga matenga mawili shimoni, yakaliwa na manyigu. Ndipo nikasema, hapana, safari ijayo nazikausha.

Nilidhani kazi naijua. Nimekulia kwenye nyumba inayokausha makopa, nimewahi kupanda juu ya bati mara ngapi kuanika na kuanua mihogo ya bibi! Basi nikazipasua plamsi, nikazipanga kwenye nyungo mbili, nikaziweka juu ya paa la jiko. Siku ya kwanza zilitoa maji. Siku ya pili zilitoa maji. Siku ya tatu zikaota manyoya meupe, na nzi wadogo wale wekundu macho wakahamia na familia zao.

Kosa langu lilikuwa kusahau kwamba bibi alikuwa akianika makopa kiangazi, na muhogo si tunda la maji. Kilo moja ya plamsi mbichi ina karibu gramu 870 za maji. Halafu huku kwetu ni mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa 12 ukungu unaondoka saa nne, jua linachungulia, saa tisa mawingu yamerudi. Ukianika tunda la maji kwenye hewa ya maji, unalea kuvu tu. Baadaye nilisoma kwamba matunda ya kuanika juani yanahitaji joto lisilopungua nyuzi 30 na hewa kavu, unyevu wake usizidi asilimia 60. Kwetu mwezi huo nyuzi 30 tunazisikia redioni.

Nikajaribu moto. Nilikuwa na lile sanduku la bati la kuokea keki, linalokaa juu ya jiko la mkaa. Nikapanga vipande, nikafunga, nikachochea. Baada ya saa mbili vilikuwa vimekauka vizuri kabisa kwa nje, vyeusi, vinang'aa, nikafurahi. Nilipokipasua kimoja, ndani kilikuwa uji. Joto kali linafunga ngozi ya nje kabla maji ya ndani hayajapata njia ya kutoka, na ukishaifunga hiyo njia umekwisha. Joto linalofaa ni nyuzi kama 57 hadi 60, taratibu, kwa saa nyingi. Mkaa haukai nyuzi 60. Mkaa una hasira zake. Na vile vipande vilinuka moshi kama samaki wa Korogwe.

Jawabu lilikuja wakati sitafuti jawabu. Nilishuka Mombo kumwona shangazi, dada yake baba, aliyeolewa huko tangu mimi sijazaliwa. Asubuhi nilifua kanga, nikaianika kwenye kamba. Nikaingia ndani kunywa chai. Nilipotoka, kanga imekakamaa kama karatasi. Nikabaki nimeishika nikitazama milima. Kutoka pale unaiona Usambara imekaa juu yako, kichwa kimefunikwa mawingu, na huku chini jua linakuchoma utosi. Ni mwendo wa kilomita thelathini na kidogo tu kwa barabara ile ya kona, lakini unashuka karibu mita elfu moja, na kila mita mia unazoshuka joto linaongezeka zaidi ya nusu nyuzi. Matunda yako juu, jua liko chini, na mimi nilikuwa nalazimisha vyote viwili vikutane juu ya paa la jiko langu.

"Shangazi," nikamwambia, "nikuletee plamsi nizianike hapa uani?"

"Lete mwanangu. Ila kuku wangu siwafungi."

Mzigo wa kwanza niliuharibu mwenyewe kwa kujifanya mjanja. Niliona nipasue plamsi usiku nyumbani, niteremke na vipande kwenye ndoo, ili nikifika niwe ni wa kuanika tu. Zile kona za Soni zilizifanya supu. Tangu hapo nazishusha nzima, na sitii kwenye tenga. Tenga linasifika kwa mboga, lakini plamsi za chini zinabeba uzito wa zote za juu. Natumia yale masanduku ya mbao ya nyanya, nikipanga safu mbili, basi, na majani makavu ya mgomba katikati. Nazichuma zikiwa zimeiva lakini bado zina ubishi kidogo ukizibonyeza. Iliyolainika kabisa tunaila sisi.

Kazi ya kisu ndiyo sehemu ndefu, na hapa ndipo watu wengi watakapokata tamaa. Nyama ya plamsi zetu imeng'ang'ania kokwa. Ukikata katikati ukazungusha nusu mbili, kama wanavyoonyesha kwenye video, unabaki na tunda lililopondeka na mkono uliojaa maji. Mimi nalisimamisha tunda, nakata shavu la kulia karibu na kokwa, nakata la kushoto, kisha vipande viwili vyembamba vya pembeni. Kokwa na nyama iliyobaki vinaingia sufuriani, vinachemshwa na sukari kidogo, watoto wanapaka kwenye mkate. Halafu kila shavu nalibinua: nasukuma ganda kwa kidole gumba mpaka nyama itokeze nje kama mgongo wa kobe. Ni jambo dogo, lakini nusu iliyobinuliwa ilitangulia kukauka kwa karibu siku nzima kuliko isiyobinuliwa. Nilizipanga sinia moja nusu kwa nusu ili nihakikishe.

Usianike nzima. Nilitenga ishirini kwa majaribio, nikazitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika halafu kwenye maji baridi, ili ile nta ya juu ya ganda ipasuke na maji yapate pa kutokea. Siku ya nne zilikuwa zimesinyaa vizuri, unaweza kupiga picha. Nilipoing'ata moja, karibu na kokwa ilikuwa imechacha, inanuka pombe ya miwa. Zile plamsi kavu nyeusi za pakiti zinazouzwa madukani ni aina nyingine kabisa, plamsi za Ulaya, zenye sukari nyingi. Hizo zinakauka nzima na kokwa ndani zisichache. California walianza nazo mwaka 1856, pale ndugu wawili Wafaransa, Louis na Pierre Pellier, walipopata vikonyo vya miti hiyo kutoka Agen, huko kwao Ufaransa. Hizi zetu nyekundu zenye majimaji ni za jamii ya Kijapani, na usizitake zifanye kazi ya wenzao.

Masinia yangu ni fremu za mbao zenye fito za matete. Fundi alitaka kuniwekea waya wa banda la kuku, ni rahisi na ni imara, lakini ule waya umepakwa zinki, na plamsi ina uchachu unaoila zinki ile ikaingia kwenye chakula. Nikakataa. Lakini kosa baya zaidi nililifanya mwenyewe. Kufunikia, kuzuia nzi, nilichukua chandarua. Mke wa jirani yake shangazi ni muuguzi; alipita, akasimama, akaniuliza, "Mdogo wangu, hicho si kile cha kugawiwa? Kina dawa ya kuua mbu, nawe umekilaza juu ya chakula." Niliona aibu, na mzigo wote ule ukaishia shimoni. Shangazi akaingia ndani bila kusema kitu, akarudi na pazia la neti la sebuleni kwake.

Msimu huu nimeongeza sanduku. Si kitu cha ajabu: boksi la mbao lililolala kama meza ya mwanafunzi, chini bati lililopakwa masizi, juu nailoni ang'avu, mbele chini kuna matundu na nyuma juu kuna matundu. Hewa inaingia chini, inapata moto, inapanda, inatoka na unyevu. Nilitumbukiza kipimajoto cha kuazima saa saba mchana kikasoma 54, wakati nje kivulini ilikuwa 33. Kwenye sanduku zinakauka kwa siku tatu, kwenye sinia la wazi siku nne hadi tano. Miguu ya meza inasimama kwenye makopo ya maji kwa ajili ya sisimizi. Kuku, kweli, hakuwafunga.

Jioni saa kumi na moja kila kitu kinaingia ndani, hata Mombo. Umande wa usiku mmoja unakurudisha nyuma nusu siku. Na siku ya kwanza vipande vinageuzwa mara moja tu, mchana, vikishashika ngozi. Ukivigusa mapema vinaacha nyama kwenye matete.

Kujua kama zimekauka kulinisumbua kuliko yote, kwa sababu plamsi ya moto ni laini na inakudanganya. Itoe juani, iache ipoe kivulini, ndipo uipime. Ikunje: isigandamane. Kata katikati, bana kwa nguvu: lisitoke hata tone. Iwe kama ngozi ya ndala mpya, inapinda lakini haivunjiki. Ikivunjika umepitiliza, nayo si hasara, inaingia kwenye chai.

Hata hapo usizifungie moja kwa moja. Mashavu hayakauki sawa, mengine yanaficha maji. Najaza chupa za kioo theluthi mbili tu, nafunika, na kwa wiki nzima kila asubuhi nazitikisa. Kavu inafyonza unyevu wa iliyo mbichi, mwisho zinakuwa sawa. Chupa moja iliota vitone vya maji kwa ndani ya kifuniko siku ya pili. Niliirudisha yote juani. Ningeiacha ingeota manyoya na kunichafulia jina. Baada ya wiki hiyo naziazimia nafasi kwenye friza ya duka la jirani, nyuzi 18 chini ya sifuri, saa 48, kuua mayai ya wadudu waliotua kabla sijafunika. Halafu kabatini, penye giza.

Sasa hesabu, maana najua ndiyo mnayoingojea. Mzigo mmoja wa kilo 20 ulinipa, baada ya kutoa kokwa na mbovu, kilo 17 za vipande. Zilipokauka: kilo mbili na robo tatu. Nilipoziona kwenye mizani nilitaka kulia. Mume wangu akaniuliza kwa upole kama nyingine zimeliwa na kuku. Lakini ndiyo hesabu ya tunda la maji, hakuna aliyeniibia. Nikitoa nauli, mbao na nailoni, mwaka wa kwanza nimerudisha fedha yangu tu na kidogo ya juu. Ila, ukiacha ule mzigo wa chandarua, sikumwaga hata tenga moja shimoni, na Machi, wakati hakuna plamsi popote, nilikuwa nauza vifuko vya gramu 100 kwa wageni wanaokuja kutembea milimani, kwa bei niliyoitaja mimi.

Neno moja kwa wanaonunua: ni tamu kali, chachu mwishoni, na zina nyuzinyuzi pamoja na sukari iitwayo sobitoli inayovuta maji tumboni. Mashavu matano kwa siku yanatosha. Mjomba wangu alikula mfuko mzima ndani ya basi la Tanga, na safari hiyo tunamwomba asiisimulie wakati wa chakula.

Juzi nilimpelekea shangazi chupa zake mbili, ndiyo kodi tuliyokubaliana. Akazipokea, akazitazama juani, akaniambia msimu ujao nisilete masanduku mawili, nilete manne. "Na pazia uje na lako, mwanangu. Langu linarudi dirishani, limeshakuwa na madoa kama limeua mtu."